Bao Pekee la Komeo

Fundi wa kuchomelea waliyemwita Komeo hakupata jina hilo kwa sababu ya mageti aliyotengeneza. Alilipata uwanjani, enzi zile akiwa beki wa timu ya taifa: mshambuliaji akimfikia, ndiyo mwisho wa safari. Timu hiyo ilikuwa imefuzu fainali za bara mara moja tu. Ilifungwa mechi zote, ikarudi nyumbani kimya kimya. Bao pekee ililopata huko alilifunga yeye, kwa kichwa, mpira wa kona.

Mkewe alizoea kumtania. "Baba, hilo bao moja unalila kama pensheni!"

Komeo alicheka, lakini moyoni alilienzi kwelikweli.

Sasa, nywele zikiwa zimeshaingia mvi, vijana wa timu hiyo walikuwa wamefuzu tena. Siku ya mechi ya kwanza karakana yake ilifurika. Televisheni iliwekwa juu ya pipa, watu wakakalia vyuma. Komeo alijikunyata nyuma kabisa. Mkewe akamsogelea.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Ila leo wakifunga, mimi basi tena."

"Kwa hiyo unaomba wasifunge?"

Aibu ilimshika, maana hakuwa na uhakika.

Kipindi cha pili wapinzani waliwabana vibaya. Ghafla beki wa kushoto akanyang'anya mpira, akakata mbuga, akamimina krosi. Straika akaukwamisha wavuni.

Komeo alijikuta juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka. "Mmemwona yule beki? Mmemwona? Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunacheza sisi!"

Hakukaa tena. "Rudi nyuma! Mkabe huyo!" aliifokea televisheni, utadhani wanamsikia. Kipenga cha mwisho kilipolia, ubao ulisoma moja bila. Nchi yao ilikuwa imeshinda mechi ya fainali za bara kwa mara ya kwanza. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta.

"Pole, mume wangu," mkewe alisema akicheka. "Sasa mko wawili."

"Wawili wachache! Wafunge hata ishirini, mama. Wafunge mpaka wanisahau!"

Lakini siku hiyo hakuna aliyemsahau. Mafundi wenzake walimbeba juujuu na aproni yake ya kazi, wakatoka naye barabarani wakiimba jina lake pamoja na la straika.

"Nishusheni, goti langu!" alipiga kelele, huku akipunga mikono yote miwili.