Viazi vya Kwenye Foili

Kwenye kuchagua foili ya kufungia chakula, mama wa fundi rangi hakuwa mtu wa kudanganywa. Muuza duka alipomletea ile ya bei ya chini, aliibonyeza kwa kidole gumba, ikatoboka, akamrudishia. Yeye alitaka ile nene na pana, ambayo ukifungia kiazi hata mvuke hautoki. Upande gani ukae nje, wa kung'aa au usiong'aa, hilo aliwaachia wenye muda wa kubishana. Alikunja ukingo mara mbili, akabana pembe, na moyo wake ukatulia kwamba ndani hapaingii nzi wala hewa.

Alikuwa amepika kwenye makantini tangu ujana wake. Kazi hiyo ilimwachia magoti mabovu na imani moja, kwamba chakula kilichofungwa vizuri hakiharibiki. Ungeweza kumbishia siasa, na ukithubutu hata dini, lakini hilo la kufunga chakula ungelimeza.

Mkaza mwana wake, mshona nguo, alikuwa mpole lakini si bubu.

"Mama, hivi viazi vya juzi si tuvitoe kwenye foili tuviweke friji?"

"Friji inavifanya kama mchanga. Mimi nimeanza kufunga vyakula hujazaliwa, mwanangu."

"Sawa, mama. Lakini mimi sili."

"Kwani nani kakukaribisha?"

Ndivyo walivyoishi, wanawake wawili jiko moja, kila mmoja akijua mpaka wake na kuupima kila asubuhi. Viazi vilibaki juu ya kabati kando ya jiko, vimefungwa vilevile kama vilivyotoka kwenye oveni. Siku ya tatu, mkaza mwana akiwa bafuni, mama alichukua viwili akavisukumiza chini kabisa ya mfuko wa kazi wa mwanawe. Alifanya kwa siri, na siri yenyewe ilimpa raha. Mwana hata aote mvi, mamake bado anamwona mwenye njaa.

Kesho yake fundi rangi alirudi kutoka kazini jua likiwa bado kali, akitembea huku ameshika ukuta. Kope zilikuwa zimemlegea na ulimi umekuwa mzito.

"Ngazi naiona mbili, mama," alisema. "Nimeshindwa kupanda."

Pombe alikuwa ameiacha zamani, kwa kiapo, mbele ya mama huyuhuyu. Basi mama alimwangalia akajua, au akadhani anajua.

"Umerudia, sivyo?"

"Sijanywa."

"Hata kusema hujiwezi."

Mkewe alimsogelea, akamnusa mdomo. "Hana harufu yoyote, mama."

"Pombe za siku hizi hazinuki," alijibu mama, na akaendelea kumsema mwanawe mpaka akachoka. Asubuhi mgonjwa alipopewa maji, yalimtokea puani. Wakakimbia naye hospitali.

Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpima akawauliza wao, maana ulimi wa mgonjwa ulikuwa hautamki tena neno. Alishuku sumu ya chakula, akashuku pia mshipa wa kichwani umepasuka, na dawa ya sumu hiyo ilikuwa mbali, haiagizwi kwa kubahatisha. Alitaka kujua mgonjwa alikula nini, hasa chakula kilichokaa kimefungwa kisipate hewa: cha kopo, cha chupa, cha kwenye foili. Mkaza mwana akataja kila alichompakulia, hadi chai. Vile viazi hakuvitaja, maana hakujua.

"Na wewe mama, una la kuongeza?"

 Mama aliviona vile viazi wazi kabisa, na mkono wake ukivisukuma mfukoni. "Alikula nyumbani, kama sisi sote," alisema.

Aliogopa. Tusimpambe wala tusimzidishie. Aliogopa kuambiwa amemlisha mwanawe sumu, akaogopa zaidi kuambiwa hivyo mbele ya yule aliyemwambia mapema. Na jioni dada yake, aliyekuja kumwona mgonjwa, alipomvuta pembeni kwenye korido akamnong'oneza, "Huyo mkaza mwana wako, mkono wake unauamini?" hakumtetea. Alisema, "Ya Mungu ni mengi." Kwa jibu hilo akamuuza mtoto wa watu.

Siku iliyofuata fundi rangi hakuweza kupumua mwenyewe. Walimtia mpira kooni, mashine ikawa ndiyo inayompandisha na kumshusha kifua.

"Zungumzeni naye," nesi aliwaambia. "Akili yake ni nzima, anasikia kila kitu. Ni mwili tu uliokataa."

Dada wa mama hakungoja. Palepale kando ya kitanda alimgeukia mkaza mwana. "Ulimlisha nini mwanetu?"

Mkaza mwana alikuwa amemgeukia mumewe. Chozi lilikuwa limepenya kwenye kope zilizofumba za mumewe likishuka kuelekea sikioni, naye aliinama kulifuta kwa ncha ya khanga. Mama aliliona chozi hilo, na uongo ukamshinda kuubeba. Aliomba daktari aitwe.

"Viazi," alisema. "Niliviokea kwenye foili, vikakaa humo siku tatu, nje ya friji. Nilimpa mimi."

Daktari hakumkaripia. Alipiga simu kuagiza dawa, kisha akaeleza kwamba kuna kijidudu cha udongoni ambacho oveni haikiui. Kiazi kikiachwa kipoe ndani ya foili, kijidudu hupata mahali pasipo na hewa panapokifaa, kikatoa sumu isiyo na harufu wala ladha.

"Atapona?" aliuliza mkaza mwana.

"Dawa inaikamata sumu iliyomo kwenye damu. Iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haiing'oi. Hiyo tunangoja mwili wenyewe, na mapafu yake yameanza kuharibika."

"Ingekuja jana?"

"Jana alikuwa anapumua mwenyewe," alisema daktari, akaenda kupokea simu.

Mkaza mwana alimgeukia mkwewe. Hata sasa sauti yake haikupanda.

"Mama, jana ulipoulizwa, ulikuwa umesahau?"

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi. Umri wake ungetosha kumtetea, na dada yake alikwisha kuanza kusema uzee ni uzee. Lakini pale kitandani alikuwepo mtu anayesikia.

"Hapana," alisema mama. "Nilikumbuka."

 Mama alisogea akamshika mwanawe mkono. Mkono haukumbana wala haukujiondoa, kwa kuwa haukuweza, na hapakuwa na njia ya kujua mwenyewe angependa lipi kati ya hayo mawili.