Hewa ya Jumamosi Ile

Ta.

Maribeth Pruett aliisikia akiwa jikoni kabla hakujapambazuka, taa hajawasha bado, mkono ukipapasa rafuni kutafuta kahawa. Ilikuwa sauti ndogo ya komeo la chuma likifunguka, nayo ilitoka chumba cha mtoto. Akaenda bila viatu. Josie, bintiye wa miaka minne, alikuwa amelala chali, mguu mmoja nje ya blanketi. Maribeth akafungua kabati la ukutani, akapiga magoti, akayapapasa makasha gizani, moja baada ya jingine, komeo kwa komeo. Yalikuwa kumi na tisa. Yote yalikuwa yamefumbwa kama ngumi.

Yalikuwa makasha ya jeshi, ya kijani, ya aina inayouzwa kwa bei ya kutupa askari wanapoletewa mengine. Mumewe Darrell aliyapanga kwa ukubwa, kila moja na aina ya risasi zilizomo, idadi yake na tarehe ya kufungwa, vyote kwa maandishi ya manjano. Yalikaa chumbani kwa Josie kwa sababu moja tu: ndipo palipokuwa pakavu. Chumba cha chini ya nyumba kilitoka jasho tangu Machi hadi Septemba, kama ilivyo kwa nyumba zote za vilima vile vya kusini mwa Missouri, na banda la nje lilichemka. Kabati la Josie halikugusana na ukuta wa nje hata mmoja. Risasi ni kama unga, Darrell alipenda kusema, adui yake ni unyevu.

Unyevu wenyewe haukuwa jambo la kufanyia mchezo, kwa kuwa kasha lililofungwa vizuri hubaki na hewa ya siku lilipofungwa, na hewa hubaki na vilivyokuwemo. Bonde zima lilijua. Jirani yao Hoyt alifunga moja siku ya mvua akiwa kijana. Alipolifungua miaka ishirini baadaye alilowa hadi chupi, na radi ikamvunjia sahani tatu. Kanisani walikuwa na kasha la theluji ya mwaka wa harusi ya mchungaji, nao walilifungua kidogo kidogo kila Agosti, wakati wa chakula cha pamoja, ili siagi isiyeyuke. Kwa hiyo mtu mwenye akili alifunga makasha yake siku kavu, dirisha limefungwa, redio imezimwa, na watu wa nyumbani wamenyamaza.

"Nimesikia komeo tena," Maribeth akasema wakati wa kifungua kinywa.

"Panya huyo."

"Panya hafungui komeo la jeshi, Darrell."

"Na Josie je, atalifungua? Mimi mwenyewe siku za baridi linanitoa jasho. Hebu Josie, mwonyeshe mama misuli." Josie akakunja mkono. Darrell akaubonyeza kwa kidole. "Umeona? Uji mtupu."

Josie akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani.

Maribeth hakucheka. Alikuwa akifikiria droo iliyo upande wa Darrell wa kitanda. Bunduki zote zilikuwa ndani ya sefu yenye tarakimu, isipokuwa bastola moja iliyokaa humo drooni, ya kumwahi mwizi mlangoni. Alikwisha kuisemea mara nyingi, na Darrell alikuwa na jibu moja alilorithi kwa baba yake pamoja na shamba. Bunduki bila risasi ni fimbo, risasi bila bunduki ni shanga. Fimbo iko huku, shanga ziko kule, na katikati kuna komeo.

"Si panya," Josie akasema. "Ni yule mvulana."

"Mvulana gani, mama?" Maribeth akamuuliza.

"Wa kwenye kasha la nyuma."

Darrell akaweka uma chini. "Basi mpira wa mfuniko umechoka," akasema, "hewa inavuja."

Kasha la nyuma lilikuwa miongoni mwa sita aliyoachiwa na baba yake, mzee aliyefariki miaka miwili nyuma. Halikuwa na aina ya risasi wala idadi. Liliandikwa tarehe peke yake: 11 Novemba 1989, Jumamosi. Mzee alimwambia aliache, hewa yake si nzuri, na Darrell alielewa kuwa lilifungwa siku ya mvua. Ni kosa la kawaida, hata kwa watu makini.

Kupima uvujaji ni kazi ya dakika tano. Darrell alijaza hodhi la kuogea, akakunja mikono ya shati, akalizamisha kasha polepole mpaka maji yakafunika mfuniko. Maribeth alisimama mlangoni na Josie kiunoni. Wakangoja mapovu.

Povu la kwanza lilitoka pembeni, karibu na bawaba. Likapanda, likapasuka juu ya maji, likasema: "Ma."

La pili likasema: "Ma."

Yakafuata mengine kwa utaratibu, kila moja na kipande chake, kwa sauti ya mtoto wa kiume asiye na meno ya mbele. Ta. Za. Ma. Ni. Me. Fu. Ngu. A. Darrell alikuwa amelishika kasha kwa mikono miwili, uso karibu na maji, kama afanyavyo fundi anayesikiliza injini.

"Mama, tazama, nimefungua," Maribeth akayaunganisha kwa sauti ya chini.

"Ndiye huyo," Josie akasema.

Hawakusikia mlango wa jikoni. Arlene, mama yake Darrell, alikuwa amevuka barabara na bakuli la maharage ya kuoka, kama kila Jumapili, na sasa alikuwa amesimama nyuma ya Maribeth, bakuli bado mikononi. Mapovu yakaendelea kupanda. Sauti ikabadilika, ikawa ya mwanamke kijana, inatoka mbali kidogo, ya mtu ambaye mikono yake ina kazi. Vi. Zu. Ri. Mwa. Na. Ngu.

Arlene akaketi juu ya mfuniko wa choo. Akaweka bakuli magotini.

"Nilikuwa namenya viazi," akasema. "Sikugeuka."

Chini ya maji, pembeni mwa mfuniko, povu moja kubwa lilianza kuvimba. Lilitetemeka, halijaachia.

"Litoe, Darrell. Litoe sasa hivi. Hilo linalofuata nalijua."

Darrell akalitoa. Maji yakachuruzika sakafuni. Akalifunika kwa taulo, akalikaza kwa magoti.

"Mliniambia Lyle alianguka kutoka dari ya zizi," akasema hatimaye. Alikuwa na miaka miwili kaka yake alipofariki, hakumkumbuka hata kidogo.

"Ni baba yako aliyetaka iwe dari. Dari haina mtu wa kulaumiwa." Arlene akalifuta bakuli ukingoni, mahali palipokuwa pasafi. "Alikuja akakuta kasha wazi. Akalifunga kwanza, ndipo akampigia daktari. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nadhani ilikuwa mazoea, mtu akikuta wazi hufunga."

"Na bunduki?" Maribeth akauliza. "Bunduki ilikuwa wapi, mama?"

"Nyuma ya mlango. Haikuwa na risasi hata moja."

Maribeth akamhamisha Josie upande wa pili wa kiuno, ingawa hakuwa mzito. "Darrell."

"Nimesikia."

"Alilifungua mwenyewe."

"Lyle alikuwa na miaka sita," Darrell akasema. "Josie ana minne."

Alisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenziwe bila kutaka kumwaibisha.

Mchana ule aliyeyusha mishumaa miwili, akaizungusha nta pembeni mwa mfuniko, tabaka juu ya tabaka, mpaka mvulana akanyamaza. Hakubadilisha mpira, maana angelazimika kulifungua. Kisha akatengeneza rafu ya mbao kabatini, imara, kimo cha kifua chake, akaliweka kasha la Lyle pale juu. Ilikuwa kazi nzuri. Makasha mengine kumi na manane hayakuenea, yakabaki chini.

Maribeth aliomba mambo matatu, kila moja siku yake, kwa sauti ya mtu anayeombea jirani. Aliomba makasha yahamie kwa Arlene. Arlene akatazama nje dirishani, akasema nyumba yake ina unyevu. Aliomba kufuli.

"Siku mtu anavunja mlango niwe natafuta ufunguo?" Darrell akasema. "Mpenzi, wewe unafikiri mwizi atakaa sebuleni anywe chai aningoje?"

Aliomba ile bastola iingie kwenye sefu pamoja na wenzake. Hapo Darrell akamshika bega, akasema msimu wa kuwinda kulungu ukiisha watalizungumza. Hata hayo hakuwa amewahi kuyasema. Maribeth akaishika ahadi ile kama mtu ashikavyo kikombe kilichojaa. Jumanne, kwenye darasa la uuguzi alilosoma jioni, mwalimu aliwafundisha kukandamiza jeraha linalotoka damu, kwa viganja viwili, bila kuachia. Wenzake walifanya mara mbili wakaenda kunywa soda. Yeye alifanya mara tisa. Usiku akamwambia Darrell kuwa atafaulu mtihani, naye akamwambia hana wasiwasi na hilo hata siku moja.

Hoyt alipita Ijumaa kurudisha msumeno. Alikuwa amesikia, maana bonde lile lina masikio.

"Naambiwa Lyle amezungumza," akasema.

"Amezungumza," Darrell akajibu.

"Sauti?"

"Nzuri. Kama ya mama."

Hoyt akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza ni nta ya aina gani iliyotumika, akaambiwa, akasema ya nyuki ingeshika zaidi.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi. Darrell aliondoka saa kumi alfajiri na pikapu, chupa ya kahawa na mabusu mawili, moja la kila mmoja. Kulipopambazuka milio ya bunduki ilianza ng'ambo ya kilima, hapa mmoja, pale miwili, kama watu wanaofunga milango katika nyumba kubwa. Maribeth aliwasha oveni. Arlene angekuja mchana na Darrell angerudi na njaa, kwa hiyo alikuwa akimenya matofaa ya kuoka, mgongo ameupa korido, ganda refu likining'inia kwenye kisu bila kukatika. Josie alikuwa akiongea peke yake chumbani, kisha akawa kimya.

Ta.

Nta imepasuka, Maribeth akajiambia, ni Lyle huyo. Kisu kikaendelea nusu mzunguko. Nyayo ndogo zikaja kwenye mbao za korido, bila haraka, zikasimama mlangoni.

Maribeth akageuka.

Josie alikuwa amevaa nguo zake za kulalia. Kidole gumba cha mkono mmoja kilikuwa chekundu mahali chuma kilipombana. Mkono mwingine alikuwa ameufumba, kama mtu aliyeshika shanga, na uso wake ulikuwa umeng'aa kwa furaha ya kazi iliyokubali.

"Mama," akasema, "komeo si gumu."