Mkanda wa Mwisho Ulitangulia

Sikuwa na wewe. Sikuwa na mtu wa kuniambia kola imekaa upande. Sikuwa na usingizi, wala hamu ya kula, wala shati lenye vifungo vyote. Ulimi wa kukiri, huo sikuwa nao kabisa. Cheti cha masomo ya jioni nilikuwa nacho, kimetundikwa ukutani, kinang'aa.

Vumbi lilicheza ndani ya mwanga wa projekta, mke wangu. Alasiri kwa alasiri nilikaa katika kile chumba cha juu ya ukumbi wa sinema, nikiwaonyesha watu mapenzi ya watu wengine, na yangu nimeyavunja mwenyewe. Nilikwenda kwa mwanamke mwingine. Ukaniuliza, nikakana. Ukafunga sanduku, ukaenda kwa dada yako. Mwezi wa tatu huo tangu uondoke, na mimi bado nakana, hata mbele ya kioo.

Jumamosi moja ikaletwa filamu asiyoijua mtu, mikanda minne ndani ya makopo manne: mume anamsaliti mkewe, anasambaratika, mwisho anapiga magoti. Nami, mawazo yakiwa kwako, baada ya mkanda wa kwanza nikapachika wa nne.

Bwana yule akapiga magoti kabla hajakosa! Akalia, akakiri, akaomba radhi, na hawara mwenyewe hata hajatokea.

"Anatubu nini tena, jamani?" mtu akauliza gizani.

"Mwacheni, kawahi!" akajibu mama mmoja wa viti vya mbele. "Wa kwangu mwaka wa sita huu, namngoja!"

"Mama watoto, si nimekaa hapa hapa?" mumewe akalalama, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikacheka, mke wangu. Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, nikashika meza. Kumbe mtu anaweza kusema nimekosa, na paa lisianguke!

Filamu ilipokwisha, jua bado likiwaka, nikachukua karatasi. Anwani kulia, tarehe chini yake, na mada kwa herufi kubwa, imepigwa mstari kwa rula, kama tulivyofundishwa kwenye masomo ya jioni: KUOMBA MSAMAHA. Kisha nikaandika nisichofundishwa. Nilikwenda kwake. Nilikudanganya. Sina kisingizio. Uje, usije, ukweli huu ni wako.

Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa ngumi. Nikashuka ngazi mbili mbili, mtu mzima mimi, nikavuka barabara hadi kwenye sanduku la posta, nikaitumbukiza, nikaisikia ikigusa chini.