Kando ya Mshono

Saa tano na robo asubuhi, bomba la alumini lilikatika kwenye mashine ya kupima nguvu kwa kuvuta. Halikukatika kwenye mshono wa kuchomelea. Lilikatika kando yake, upana wa kidole tu, na kwa nusu ya mzigo uliotarajiwa.

Mhandisi alivitazama vipande viwili chini ya taa, kisha akafunga bomba jingine. Nalo likakatika mahali palepale.

Karakana ile ilitengeneza viti vya magurudumu. Fremu zilichomelewa na mjomba wake, ambaye mafundi walimwita Sindano kwa sababu mshono wake ulikaa kama umeshonwa kwa uzi. Kiti cha kwanza cha muundo mpya hakikuuzwa. Jana jioni Sindano alimpelekea dada yake, mama wa mhandisi.

"Mjomba, njoo uone."

Sindano alikuja akijifuta mikono, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. "Huu una kasoro gani?"

"Hauna."

"Basi usinitazame kama mwizi wa kuku."

"Sikutazami wewe. Natazama hapa pembeni. Pamelegea kama mshumaa."

Alumini ina tabia zake. Moto wa kuchomelea huiacha laini kando ya mshono, na fremu hupata nguvu baadaye kwa kuokwa tanurini: nyuzi joto mia na sabini, zamu nzima, bila kupumzika. Pungufu ya hapo, unabaki na mshono imara juu ya bomba legelege. Kila siku baada ya chakula cha mchana mhandisi alikwenda kusoma kipimo cha tanuri, na kila siku kilionyesha mia na sabini. Leo alikwenda kabla ya chakula.

Kipimo kilionyesha themanini.

Akafungua mlango. Katikati ya fremu, juu ya wavu, vilikuwa vimepangwa vyombo vya chakula vya mafundi wote, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake ili visichanganyike. Chake, chenye kitambaa cha kijani, kilikuwa mbele kabisa.

Alisimama, mkono ungali kwenye komeo, joto likimpiga usoni.

"Ni tangu baridi ianze," alisema Sindano nyuma yake, sauti imeshuka. "Nikifika asubuhi napunguza moto, vyakula visiungue. Tukishakula naupandisha. Si wewe uliyesema siku hizi chakula kina moto kama kimetoka jikoni?"

Ni kweli alisema. Tena alikisifu mbele za watu, na hakuuliza jiko lenyewe liko wapi.

"Fremu ya mama iliokwa lini?"

Sindano alianza kuhesabu kwa vidole, akaviacha njiani. "Juzi," alisema. "Mungu wangu. Juzi."

Mhandisi alikuwa ameshatoa simu na kufungua spika. Mama alipokea mara moja, akihema kwa furaha.

"Mwanangu! Mwambie kaka yangu kiti hiki kinaruka. Nipo kwenye mteremko wa dukani, na sijaomba mtu anisukume."

Sindano aliinyakua simu. "Dada, simama hapohapo!"

"Ningeweza kusimama ungenitengenezea kiti?"

"Sitanii, dada. Funga breki. Kiti kibovu."

"Kibovu! Jana ulisema kitatuzika sote."

"Funga breki, uite watu wakutoe!"

Wakamsikia akiita wapita njia, na sauti ya mwanamume ikisema, "Taratibu, mama, nishike shingoni." Ukafuata mlio mfupi, mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa. Simu ikakatika. Mhandisi alipiga tena na tena. Haikupokelewa.

Waliondoka na gari la karakana. Walipokaribia dukani, mhandisi aliona kwamba mjomba alikuwa bado amekumbatia vile vipande viwili vya bomba, na hakuwa na habari navyo.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani, kiatu kimoja hakipo.

"Simu iliniponyoka," alisema kabla hawajamfikia. "Walikuwa wameshaniinua. Kiti kililia chenyewe, hakuna mtu ndani." Akamtazama kaka yake. "Nawe toa hiyo sura ya msibani. Nipo mzima."

Sindano alipanda mteremko hadi kwenye kiti, kilichosimama katikati ya njia, breki zimefungwa, kinang'aa, mishono yake yote mizima. Akakishika mgongoni, akakiinua kwa mkono mmoja.

Gurudumu la kulia lilibaki chini, pamoja na kipande cha bomba.