Ukungu wa Elburgon

Jelagat alitoka kufua, akakuta kitanda cha bintiye Chemutai pale hospitalini kitupu. Alimkamata Hiram, mkalimani wa daktari, ukosi wa shati. "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Baba yake amemchukua! Nilimwambia kwamba daktari ametazama makohozi kwa hadubini, kumbe si kifua kikuu, ni ukungu umeingia mapafuni. Zile dawa za figo alizokuwa akimeza zimemmaliza mtoto nguvu za kupambana nao. Mzee akasema kama ni ukungu, atamkinga mwenyewe."

"Atamkinga wapi? Kwetu Elburgon ndiko kuna ukungu kila jioni!"

Hiram akatambua kosa lake. Kisha akachukua kando ya kitanda kipande cha mkate kilichochacha, kimeota manyoya ya kijani. "Ukungu huu, mama! Huu! Na dawa yake imefika leo kutoka Nairobi."

Lo, mkalimani gani huyo! Neno moja kulifafanua lilimshinda nini? Jelagat alimzaba kofi, akakimbilia lori la mbao lililokuwa likielekea Elburgon.

Alimkuta mumewe Kiptanui mbele ya ghala lao, panga mkononi. Alikuwa ameziba kila ufa kwa magunia ili ukungu wa msitu wa Mau usipenye. Ndani mlikuwa na mtoto, pamoja na mahindi yaliyonyeshewa yakaoza.

"Humtoi!" alinguruma. "Huku nje atakufa!"

"Mahindi yako ndiyo yanamuua, mjinga wewe!"

Kiptanui alimpiga kwa ubapa wa panga begani, Jelagat akaanguka. Akainuka na hasira zake zote, akamuuma mkono mpaka damu ikamjaa mdomoni. Panga lilipodondoka aliliokota, akamkata nalo paja, akaugeukia mlango na kuupasua vipande vipande. Vumbi la kijani likamrukia usoni.

Chemutai alikuwa amejikunyata pembeni, amejiziba pua kwa gunia lililoota ukungu. Mama alilivuta, mtoto akaling'ang'ania.

"Usinitoe, mama. Baba amesema ukungu utaniua."

"Baba yako hajui kitu! Achia!"

Walivutana, mtu na mwanawe, hadi mtoto akatapika damu na vidole vikalegea. Jelagat alimbeba mbio kuelekea barabarani, akimwita jina, akimlaani Hiram, akimlaani Kiptanui. Chemutai alikata roho kabla lori la kuwarudisha hospitalini halijaonekana.

Jelagat alipiga yowe, akageuka. Kiptanui alikuwa nyuma yake, anachechemea, paja linachuruzika damu, akipunga lile gunia juu ya kichwa cha mtoto, akifukuza ukungu.