Saa Moja ya Mwalimu Haddrill

Garth Haddrill alifundisha jiografia miaka ishirini na sita katika shule moja ya pwani ya bahari, jimbo la Victoria, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumwonyesha njia akakubali. Kwa hiyo alipojiandikisha kwenye mbio za kilomita mia moja za kufuata pwani, akiwa na miaka hamsini na minane na goti moja linalolia kama bawaba, mkewe hakuhofia goti. Alihofia mdomo.

Asubuhi ya mbio waandaaji walitangaza kwamba ufuo wa chini ya majabali, kwenye kilomita ya hamsini na tano, mwisho wa kuupita ni saa nane mchana. Baada ya hapo maji yatakuwa yanajaa, na kila mtu apande njia ya juu, ya vichakani, ingawa ni ndefu zaidi. Haddrill alitabasamu. Alikuwa na jedwali lake la kujaa na kupwa kwa maji, na alijua jambo ambalo waandaaji wale, kwa maoni yake, walikuwa wamelisahau: wakati wa kiangazi saa husogezwa mbele, basi lazima uongeze saa moja. Akaongeza. Mwisho wa kupita ukawa saa tisa.

Saa nane na robo alifika njia panda, pale njia ya juu inapoachana na ufuo, akamkuta Bronte Kilmister, muuguzi wa mji wa Geelong aliyefanya mazoezi mwaka mzima kila akitoka zamu. Alikuwa ameshaanza kupanda. Haddrill akamwita, akamweleza habari za saa na mwezi kwa sauti ileile inayowafanya wanafunzi waache kuuliza. Bronte akashuka. Baadaye alikiri kwamba hakuelewa hata neno, ila mtu anayeongea vile unamfuata tu.

Mwanzo ulikuwa mchanga mtupu, na Haddrill alijipongeza waziwazi. Walipozunguka pembe ya jabali, mchanga ukaisha. Maji yakawafika magotini, ya baridi kali, na wimbi lililofuata halikusubiri maelezo. Lilimpiga Haddrill kifuani likamwangusha, na liliporudi likaanza kumvuta. Bronte alimdaka kwa mkanda wa begi, akamburuta hadi juu ya mwamba, naye akakaa pale akitapika maji ya chumvi.

Jedwali lilikuwa salama mfukoni, ndani ya plastiki. Akalitoa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari ambao angemnyang'anya alama mwanafunzi yeyote asiyeusoma: saa ya kiangazi imeshaongezwa.

“Bronte,” alisema, “nimeongeza saa iliyokwisha kuongezwa.”

“Maana yake nini, Mwalimu?”

“Maana yake waandaaji wako sawa, mimi mjinga, na wewe umemfuata mjinga.”

Bronte alikamua soksi yake kwanza. “Haya, na mjinga anasemaje? Turudi au tukae hapa?”

“Mjinga hasemi tena. Sema wewe.”

Akasema warudi upesi. Walirudi wakishikana mikono, wakapanda njia ya juu, na huko goti la Haddrill likagoma. Kituo cha ukaguzi kilichofuata kingefungwa saa kumi na nusu, na asiyekiwahi huondolewa mbioni, hivyo alimsihi Bronte atangulie. Bronte alikiwahi kwa dakika nne.

Haddrill alichechemea akafika nusu saa baadaye, akamkuta msimamizi, mama mmoja aitwaye Noelene Strachan, akikunja meza. Mama akataka kujua kilichomchelewesha. Njiani alikuwa ametunga majibu matatu: la goti, la wimbi, na moja tamu sana ambamo yeye ndiye aliyemwokoa muuguzi. Hilo la mwisho alilipenda kweli.

“Ujuaji,” alisema.

Noelene akaliandika vivyo hivyo kwenye fomu, akamvua namba kifuani, akampa viazi vya kuchemsha vilivyokwisha kupoa. Akavila vyote akiwa amesimama.

Kesho yake ujumbe wa Bronte ukaingia. Amemaliza, wa tano kutoka mwisho, na mwakani anarudi. Mwalimu akitaka waende wote, sharti akimbie nyuma yake. Haddrill alijibu ndiyo haraka, kabla mkewe hajausoma.