Mapigo Nyuma ya Ukuta

Mimi ni mkunga. Nimekaa leba miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya madaktari wanaoniamkia, na masikio yangu hayajui kwenda likizo. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, siku chache tu tangu nifike ugenini kusomea shahada, nilipojilaza kwenye chumba changu cha hosteli nikasikia moyo wa mtoto unadunda nyuma ya ukuta, sikujiuliza mara mbili. Haraka haraka, sawasawa, mia na arobaini kwa dakika. Niliuhesabu kwa saa ya mkononi kabla sijajua kwamba nahesabu. Mtoto mzima kabisa, nikasema moyoni. Jirani yangu ana mimba na amepata ile mashine ya kusikilizia tumbo. Hongera zake.

Nikafumba macho. Mara mapigo yakaanza kufifia. Yakapungua, yakapungua tena, yakabaki kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Kisha kimya.

Nani alale tena? Nilitoka mbio, peku, na mlango wa jirani niliupiga bega kabla sijakumbuka kwamba milango ina vitasa. Haukuwa umefungwa. Niliingia nusura nianguke, nikamkuta msichana mwembamba ameketi sakafuni katikati ya nyaya nyingi, nyekundu na nyeusi na za kijivu, na kinanda kidogo mapajani. Hakuwa na mimba. Tumbo lake hata halikuonyesha kama alikula mchana.

"Moyo umesimama!" nilipiga ukelele, kwa Kiswahili, maana hofu haina lugha ya darasani. "Mjamzito yuko wapi?"

Alinikodolea macho. Kisha, kwa Kiswahili kama changu, akasema, "Shikamoo, Mama. Mjamzito gani?"

Sikupata nafasi ya kuitikia. Spika iliyokuwa kando ya goti lake ililipuka, mapigo yakarudi yote kwa pamoja, na chini yake kukaingia mngurumo mzito ulionipanda kutoka nyayo hadi kwenye meno. Niliruka. Naapa niliruka, mtu mzima mwenye binti aliyeolewa.

"Ni wimbo," alisema. "Nautengeneza. Hapo katikati unatoa ngoma, watu wanasubiri, halafu unairudisha. Hapo ndipo wanapopiga kelele."

"Mimi nimepiga kabla hujairudisha."

"Basi umefanya kazi," akasema, akacheka mpaka akajilaza juu ya nyaya zake.

Alipomaliza kucheka akaniangalia vizuri, akaona rika langu, akaingiwa na woga. "Mama, nakuomba. Usije ukamwambia mama yangu. Yeye anajua nasomea uhasibu tu."

"Kwani husomi?"

"Nasoma. Na nafaulu."

"Basi sina la kupeleka. Hebu rudisha nyuma, nisikie tena pale unapoitoa ngoma."

Nilimpa jina la Nyaya, naye akaniita Mama, na tangu siku ile ukuta wetu ukawa kama haupo.

Sasa niseme jambo lililokuwa linanila. Binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Barua ya kukubaliwa chuoni ilikuja mimba ikiwa changa, nami nafasi ile nilikuwa nimeiomba mara nyingi hadi nikaona aibu kuiomba tena. Nilipomwambia naondoka, hakupiga kelele, hakulia. Alisema, "Umewazalisha wanawake wa mji mzima. Mimi unaniachia nani?" Kisha akanuna, na binti yangu akinuna amenuna. Simu zangu hakupokea. Kila Jumapili alinipigia mkwe wangu, kijana mpole, akawa ananisomea hali ya mke wake kama msoma taarifa ya habari: amekula, amelala, miguu imevimba kidogo. Nyuma yake nilimsikia mwenyewe akigonganisha vyombo kwa makusudi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilichotaka huko ugenini kilikuwa kimoja tu, kuliko hata shahada: binti yangu aniite mama kwa mdomo wake kabla hajaingia leba.

Nyaya, kwa upande wake, aliona masikio yangu yana njaa akaamua kuyalisha. Alinivisha hedifoni zake tukiwa jikoni, tukiwa tunasubiri chai, tukiwa tunapanda ngazi na vitabu. Nilikuwa nadhani nimeshausikia muziki wote wa dunia hii, wa harusi, wa kanisani, wa redioni na ule wa kwenye baa inayokera majirani. Kumbe bado! Kulikuwa na dada wawili walioimba chooni kwa sababu vigae vinarudisha sauti vizuri, wakajirekodi kwa simu. Kulikuwa na mtu aliyechukua mngurumo wa friji lake akautandaza, akaukunja, mpaka nikalilia friji la watu. Kulikuwa na nyimbo zisizo na neno hata moja, na bado ukimaliza kuzisikiliza unajua mtu kaachwa. Wote hao hawana kampuni wala meneja. Wanatengeneza vyumbani mwao na kugawana wenyewe kwa wenyewe, kama majirani wanavyogawana mboga.

Nilipagawa. Ndiyo, neno ni hilo. Nilikuwa naamka mapema kuliko kengele ili nisikilize wimbo mmoja kabla ya kipindi. Darasani profesa akieleza hatua za uchungu, mguu wangu chini ya meza unapiga. Nyaya akiongeza sauti namtania, "Ngoma ikivuma sana hupasuka," naye ananijibu, "Hii haina ngozi, Mama, itapasuka nini?"

Nami nilimpa nilichonacho. Akinisikilizisha wimbo mpya, namwambia, "Hapa bado sentimita nne kati ya kumi. Unamharakisha. Mwache apumzike kwanza, njia ifunguke." Mwanzoni aliona haya, baadaye akawa anakuja mwenyewe na kuuliza, "Mama, hii sentimita ngapi?"

Kila wimbo niliopenda nilimtumia binti yangu. Tiki mbili za bluu, basi. Amesikiliza, hakujibu. Nikajipa moyo kwamba tiki ya bluu nayo ni salamu ya aina yake.

Kisha ikaja Jumapili moja, mkwe wangu kapiga kama kawaida, na katikati ya habari za miguu nikasikia simu inabadilisha mkono. Pumzi ile naijua, niliipokea mimi mwenyewe siku ilipoanza.

"Hujambo, mwanangu?" nilisema, taratibu, kama ninayemkaribia ndege.

Alivuta pumzi aseme. Na saa hiyohiyo mlango wangu ukafunguka, Nyaya akaingia kwa kishindo. "Mama! Mama, acha yote, sikiliza hii!"

"Huyo nani anakuita mama?" aliuliza binti yangu.

"Jirani tu. Mwanafunzi mwenzangu."

"Ameshapata mama. Hongera zake."

Simu ikakatika. Nyaya alibaki amesimama, hedifoni mkononi. Nilimfokea, nikamwambia kwani huko kwao hawabishi hodi, mimi niliyeupiga mlango wake bega. Aliondoka. Nikakaa kitandani nikalia, na siku ile ukutani hakukudunda kitu chochote.

Kesho yake alirudi. Safari hii alibisha hodi, akaketi pembeni kabisa ya kiti.

"Mama, ukiwa leba, mtu anaumwa, unamwambia nini?"

"Kwa nini?"

"Niambie tu. Maneno yenyewe, kwa sauti ileile."

Nilikuwa bado nimenuna kidogo, lakini kazi ni kazi. Nikafumba macho, nikamwona mwanamke mbele yangu, sauti ikaja yenyewe. "Pumua. Taratibu. Usisukume kwanza, mwanangu, wakati wake unakuja. Nishike mkono. Nipo hapa." Nilipofumbua macho nikaona ameweka kipaza sauti kidogo juu ya vitabu vyangu.

"Naomba niitumie sauti yako kwenye wimbo," alisema. "Ukikataa, nafuta sasa hivi."

Sikukataa.

Wimbo huo niliusikia mara ya kwanza uani, nyuma ya karakana ya baiskeli ambako Nyaya na wenzake hupigiana nyimbo zao, Jumapili mchana. Magurudumu yalining'inia ukutani, na harufu ya grisi ilikuwa kila mahali. Alianza kijana mwenye gitaa lililokatika uzi mmoja, akaimba vizuri tu kana kwamba uzi huo haukuwahi kuwepo. Kisha Nyaya akasimama nyuma ya meza na vidude vyake. Mapigo yakaanza, yale yale ya mtoto mzima, mia na arobaini. Yakajaa ua wote. Mara akayatoa. Watu wakasimama, mikono juu, na katika ule ukimya ikatoka sauti yangu: "Pumua. Taratibu. Usisukume kwanza." Hawakujua lugha ile hata neno moja, lakini walipumua. Niliwaona! Vifua vilipanda na kushuka pamoja. "Nipo hapa," nikasema kutoka kwenye spika, na ngoma ikarudi, na watu wakapiga kelele mpaka baiskeli zikatikisika. Nami nilicheza. Nilicheza hadi kisigino cha kiatu kikanikimbia, fundi wa baiskeli akanipigilia palepale kwa nyundo yake, nikarudi kucheza.

Niliporudi hosteli nikautuma ule wimbo kwa binti yangu, bila neno. Tiki mbili. Za bluu.

Siku simu ilipokuja nilikuwa chumba cha kufulia na Nyaya, mashine inazungusha mashuka yetu. Jina lililotokea lilikuwa la mwenzangu wa zamu kule kwenye wodi yangu ya zamani, mkunga tuliyekesha naye miaka.

"Dada," alisema, "binti yako yuko hapa kwangu. Usishtuke, njia imefunguka, kila kitu kinaenda vizuri. Ila ameng'ang'ania nimwekee wimbo, na wimbo wenyewe una sauti yako. Huko umeenda kusoma au kuimba?"

Nyuma yake niliusikia, umefifia kidogo. Mapigo, kisha kimya, kisha mimi: "Nishike mkono. Nipo hapa."

"Zima!" Sauti hiyo ilikuwa ya binti yangu. "Zima hiyo, nipe simu." Akahema, akauma meno, maumivu yakampita. "Mama?"

Nikaketi juu ya kikapu cha nguo.

"Naam, mwanangu."

"Nimeusikiliza wiki nzima. Huyo wa kwenye wimbo anasema yupo hapa, na hayupo. Sema wewe."

Maneno hayo nimeyasema maelfu ya mara, nimeyasema nikiwa na usingizi, nikiwa na njaa, nikiwa na homa. "Pumua," nikaanza, sauti ikapasuka kama chungu.

"Usilie, Mama. Fanya kazi."

Basi nikafanya kazi. Mwenzangu alimwekea simu kando ya sikio, mikono yake ikabaki huru, nami nikasikiliza pumzi ya mwanangu kama ninavyosikiliza mlio wa mashine, nikamwongoza. Sasa pumzika. Sasa inakuja, iache ije. Bado. Bado, mama yangu, usiharakishe. Aliyesema kuzaa si kazi hakuwahi kukanyaga leba. Nyaya alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ameshika kifundo cha mkono wangu kwa vidole vyote, na midomo yake ilikuwa inapumua na sisi.

"Sasa," nikasema. "Sasa sukuma!"

Binti yangu akatoa sauti ambayo sitaieleza. Kisha mwenzangu akasema, "Huyo, huyo," kisha hakusema tena.

Kimya.

Mashine ya kufulia nayo ilikuwa imemaliza mzunguko wake. Ukimya ule naujua. Nimesimama ndani yake mara nyingi, na si kila mara ulikwisha vizuri, na hakuna shahada inayokufundisha kuuvumilia. Nilimwona Nyaya ananitazama usoni, anatafuta jibu. Tulisubiri.

Akalia mtoto. Alilia kwa hasira, kwa kifua kizima, kama aliyeudhiwa na sisi sote, na mimi na Nyaya tukapiga kelele, tukarukaruka juu ya mashuka mabichi, mpaka msimamizi wa hosteli akaja mbio na kizima moto mkononi.

"Mama, umesikia?" Binti yangu alikuwa anacheka na kulia. "Ni wa kike. Umemsikia?"

"Nimemsikia. Ana mapafu ya bibi yake."

"Na huyo anayepiga kelele na wewe? Ndiye yule anayekuita mama?"

"Ndiye."

Akavuta pumzi ndefu.

"Mpe simu," akasema. "Aje amsalimie mtoto wa dada yake."

Nilimnyooshea Nyaya simu. Aliifuta kwanza kwenye gauni, ingawa haikuwa na uchafu wowote, akaishika kwa mikono miwili. Msichana aliyewafanya watu wapige kelele mpaka baiskeli zikatikisika akaisogeza sikioni taratibu, kama yai.

"Shikamoo, dada," akasema.